Uzi wa Sufu na Mshipi wa Sengdao

Asubuhi hiyo wali wa kunata ulifuka mvuke kikapuni. Harufu yake ilikuwa tamu hata jogoo wa jirani akasahau kuwika. Lakini Sengdao hakuusogelea. Tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani.

Jana mshipi wake wa harusi ulifika kutoka kwa sonara wa mji wa Luang Prabang. Ulitengenezwa kwa fedha iliyoyeyushwa kutoka bangili za marehemu bibi yake. Ulikuwa mzuri ajabu! Ila ncha zake hazikukutana kiunoni. Palibaki upana wa vidole vinne.

Na aliyeona ni nani? Shangazi Phimpha, shangazi wa bwana harusi! Watu husema sauti yake huvuka mto Mekong bila mtumbwi. Sasa alikuwa amerudi.

"Kiuno cha msichana hakinenepi hivi hivi," alisema. "Hapo pana mimba. Leo namwambia kaka yangu aisimamishe harusi."

"Shangazi, naapa sina!" Sengdao alilia.

"Nilimpima mwenyewe," mama yake alimtetea. "Nikampelekea sonara uzi."

Jirani yao Bi Khamla, mfumaji wa hariri, alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuomba kaa la moto.

"Uzi gani, mwenzangu?"

"Wa sufu. Niliufumua kwenye kofia kuukuu. Mwekundu, laini, wa baraka."

"Ehee! Ulete uliobaki basi. Shangazi, simama tukupime."

"Mimi? Mimi naolewa na nani?"

"Simama tu."

Bi Khamla aliuzungusha uzi kiunoni mwa Shangazi. Akauvuta ukakazika, akaukata pale ulipokutana. Kisha akauachia.

"Sasa nauzungusha tena, bila kuuvuta."

Ncha hazikukutana. Vidole vitano!

"Hongera, Shangazi! Na umri huo! Mumeo anajua?"

Mama aliangua kicheko. Sengdao akacheka na machozi yake. Shangazi aliutazama uzi, akalitazama tumbo lake, akaketi.

"Sufu ukiivuta hurefuka, ukiiachia hurudi," Bi Khamla alieleza. "Mwenzangu, wewe uliuvuta ulipompima; sonara alipima uzi uliokwisha kurudi. Uzi wa kupimia usiwe wa kuvutika. Usiwe mnene, wala mwembamba wa kukatika. Chukua wa pamba, uliosokotwa vizuri. Ulaze kwenye rula, uuvute kidogo. Ukirefuka, huo haufai. Wakati wa kupima, uzungushe ulale mwilini bila kulegea wala kukazwa. Tia alama ya wino, kisha unyooshe kwenye rula usome."

Wakampima Sengdao upya kwa uzi wa pamba. Wakarudia, na kipimo kikawa kilekile. Kwa bahati, sonara bado alikuwa na mabaki ya fedha ya bibi. Akaongeza vipande.

Siku ya harusi, Shangazi Phimpha aliomba amfunge mshipi yeye mwenyewe. Ncha zikakutana, zikabana ndi!

Kisha akafinyanga tonge la wali wa kunata, akalitia kinywani mwa bibi harusi.

"Kula, mwanangu," alinong'ona, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Siku ile ulisusa wali kwa sababu yangu."