Wabebaji Waliofichwa Mfukoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Bénie na mama yake walikaa kwenye mkeka wakichambua maharagwe ya kuuza sokoni. Yalitoka Lubero kwa magunia, na vijiwe havikukosekana. Asubuhi ya Butembo ina baridi ya kuuma masikio, lakini vidole vya Bénie vilikuwa vyepesi hata hivyo. Mama Adèle alipenda kumsifu: "Wewe ukichambua, hakuna mutu atavunja jino."

Siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumatano. Mchana huo Mwalimu Gustave, aliyetumwa kutoka Kananga kuja kufundisha historia, alitandaza mezani katoni aliyoichora mwenyewe. Ilionyesha njia ndefu kutoka Ziwa Kivu hadi Tabora, ambayo askari wa Kongo waliipita mwaka 1916 katika vita vya wazungu. Kila mchezaji alipewa askari watano wa mti na maharagwe thelathini. Haragwe moja lilikuwa mbebaji mmoja.

"Vitabu vinataja majenerali," mwalimu aliwaambia, "mais lakini mizigo yao ilibebwa na nani? Na watu wa vijiji kama vyenu. Wengi hawakurudi."

Mchezaji alirusha dadu, na kila namba ilikuwa na jambo lake: mvua, njaa, homa, au salama. Waliokufa aliwahesabu mwenyewe na kuwatia katika kopo. Aliyefika Tabora na wabebaji wengi ndiye alishinda, na bingwa wa darasa angepelekwa Beni kucheza na wanafunzi wa huko.

Beni! Huko ndiko alikoishi Nzanzu, kaka yake mkubwa, akijifunza ufundi wa magari kwa mjomba wao. Mwaka mzima Bénie hakumwona, kwa sababu mama aliiogopa barabara ya kwenda huko, yenye vita. Kwenda na mwalimu, hapo mama alikubali.

Sasa sikilizeni alivyoteleza. Jumatano ya kwanza, homa iliua wabebaji wake wawili. Bénie aliwashika, akanyoosha mkono kwenye kopo, na mkono ukakataa kabisa. Akawatia katika mfuko wa sweta. Walipofika kituo kilichofuata aliwarudisha njiani, wazima kama jana. Hakutaka kushinda, masikini, aliwaonea huruma tu. Lakini tusidanganyane: alipoona kwamba anashinda, huruma ikapata rafiki, na rafiki huyo anaitwa tamaa. Jumatano zilizofuata mfuko ulifanya kazi sana.

Siku ya fainali alicheza na Grady, mvulana mpole wa dawati la mbele. Grady alifika Tabora na wabebaji tisa. Bénie alifika na ishirini na wanane.

"Mimi nimezika ishirini na mmoja," Grady alisema akimpa mkono. "Wewe unafanyaje?"

"Hata mimi niliyetengeneza mchezo huu sijawahi kuvuka kumi na watano," mwalimu alisema kwa furaha. "Bénie, kule Beni utasimama mbele ya wote uwaeleze jinsi ulivyowaokoa."

Darasa lilipiga makofi, naye Bénie akaufunika mfuko wa sweta kwa mkono. Angeeleza nini? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imefika mwisho.

Jioni hiyo sahani yake ya bugali na sombe ya majani ya muhogo ilipoa bila kuguswa. Mama, aliyekuwa na kitinda mimba wake mgongoni, alimtazama.

"Bénie, una nini? Chakula unakiangalia tu."

"Mama, kwenye mchezo wa mwalimu... niliwafufua batu bamekufa."

"Kazi hiyo ni ya Yesu peke yake," mama alimtania. Lakini alipoona machozi aliweka sahani yake chini, na Bénie akamweleza yote, tangu haragwe la kwanza.

"Niliona kama ninawatupa, mama. Niliona kama ninamtupa Kambere."

Kambere alikuwa mvulana wa pili wa nyumba ile. Alikufa miaka minne iliyopita, walipokuwa wakikimbia vita kutoka Mbau. Tangu siku ile walimtaja mara chache sana.

Mama alimfuta Bénie machozi. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akampakata.

"Huyu anaitwa nani?"

"Kasereka."

"Kwa nini sikumuita Kambere? Kambere si hayuko tena?"

Swali hilo halimshindi mtoto yeyote wa kabila la Wanande. Majina ya wavulana hufuata zamu ya kuzaliwa: Nzanzu ni wa kwanza, Kambere wa pili, Kasereka wa tatu. Wa pili akifa, wa tatu hubaki wa tatu.

"Kwa sababu nafasi ni yake," Bénie alijibu polepole.

"Ni yake. Batu wakisikia Kasereka, wananiuliza: na Kambere iko wapi? Inaniuma kila mara, mais ninajibu. Ningemupa huyu jina lile, hakuna mutu angeniuliza tena, na mutoto wangu angepotea kabisa. Wewe uliwahurumia wale wabebaji, ni vizuri. Lakini ukiwaficha, nani atawalilia?"

Bénie alilia, na mama alilia naye, wakashikana mikono juu ya mtoto aliyekuwa akiwashangaa.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa na kusema ukweli wote. Hakuna aliyecheka.

"Donc, basi, Grady ndiye ataenda Beni," mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa na ukali.

"Ndiyo, Mwalimu." Bénie alilionyesha kopo kwa kidole. "Lakini ninaomba tuondoe kopo. Mutu alikufa njiani, hakufa ndani ya kopo. Alale pale alipoanguka, na aliyempoteza amupe jina."

Mwalimu Gustave alilishika kopo lake. Kisha akalitoa mezani.

Walicheza upya siku hiyo hiyo. Njia ilijaa maharagwe, na kila aliyetaka kusogea mbele ilimbidi kwanza ataje majina. Darasa lenye kelele kama soko likawa tulivu. Bénie alifika Tabora na wabebaji wanne tu, akawa wa mwisho.

Jumamosi, kwenye parking ya mabasi, alimkabidhi Grady barua ya kumpelekea Nzanzu.

"Nitamupa mukononi," Grady aliahidi. "Na nitawaambia batoto wa Beni kwamba kanuni ya majina ni yako."

Mwalimu Gustave aliweka mkono begani kwa Bénie. "Nilitaka kuwafundisha vita kwa mchezo, nikasahau kuwafundisha kulia. Wewe umenikumbusha. Hesabu ya kweli inauma, mwanangu, hata inaweza kukunyima safari. Lakini waliokufa hawana heshima nyingine tunayoweza kuwapa zaidi ya kusema ukweli kwamba walikuwapo."

Kisha yeye na Grady wakapanda, na basi likaondoka. Bénie alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea, huku machozi yakimtoka. Mama Adèle, aliyekuja naye, alimshika mkono.

"Twende nyumbani. Na njiani unitajie wale ishirini na sita uliowapoteza. Uliwaita nani na nani?"

Bénie akafuta uso, akaanza na Kambere.