Hodi ya Tatu

"Hodi!"

Mlango wa chuma ulilimeza neno hilo upande wa ujia na kulitoa sebuleni likiwa safi, kana kwamba mgeni ameshaketi mkekani. Haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Mlangosikivu, ndivyo ulivyoitwa, uliitambua sauti ya mwenye nyumba, na neno moja tu ndilo lililoufungua.

"Karibu," alisema Mhandisi Kalunde Maganga, na mlango ukateleza ndani ya ukuta.

Pazi Mkumba, fundi wa kuchomelea mabomba ya hewa, aliingia akijikung'uta vumbi jekundu. "Mnyamwezi wewe, umenisimamisha nje kama mwizi. Ulikuwa unaficha ugali?"

"Kuku. Mzaramo akiingia, hata manyoya hayabaki."

"Basi siku nikifa utanizika na njaa yangu."

"Nitakuzika kifudifudi, usije ukarudi kuomba chumvi!"

Nyamizi, binti wa Kalunde wa miaka saba, alicheka hadi kwikwi ikamshika. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulikuwa umesafiri kutoka Duniani mpaka Tumbini, mji uliochimbwa chini ya ardhi ya sayari ya Mirihi, na haukupoteza makali njiani.

Milango hiyo aliibuni Kalunde mwenyewe. Hewa yote ya Tumbini ilitoka katika mtambo mmoja, kifuahewa, uliochemsha mawe na kuyanyang'anya pumzi. Mtambo ukizimika, ujia ungeishiwa hewa upesi, kila mlango ungejifunga, na kila nyumba ingebaki na mtungi wake wa akiba. Na atakayenaswa ujiani je? Mwenyekiti wa baraza, Bi Tabu Shomvi, alitaka mashine ifungue mlango ulio karibu naye, mwenye nyumba akipenda asipende.

"Mashine haina tumbo wala mtoto," alisema. "Haitaogopa."

"Karibu inayotolewa na chuma si karibu," Kalunde alijibu, kifua mbele. "Sisi tumelelewa kwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwachieni mtu aseme mwenyewe. Atasema."

Baraza zima lilimpigia makofi.

Kifuahewa kilizimika asubuhi moja, Nyamizi akivaa viatu vya shule. King'ora kililia, mlango ukajikaza. Kalunde alifungua mtungi, akautazama mshale wake, akapiga hesabu ya pumzi zake na za mwanawe: hewa ingewafikisha jioni. Mafundi nao, kupitia kipaza sauti, waliahidi hewa jioni. Hesabu ilikaa sawa, ila haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

"Hodi!"

Alikuwa Pazi. King'ora kilimkuta ujiani akikagua bomba, na lango la mtaa wake lilikuwa limeshashuka.

"Mama, ni mjomba Pa..."

Kalunde alimziba mtoto mdomo kwa kiganja. Alifanya hivyo kwa upole kabisa, kama anayemfuta makombo.

"Hodi, mtani." Sauti ilikuwa imeanza kukonda. "Leo sitaki kuku wako. Nimeleta pua tu."

Neno lilimpanda Kalunde kooni. Alilihisi lilivyo, refu na zito, na hapakuwa na mashine ya kumzuia kulitamka. Akautazama mshale. Akamtazama mtoto. Hapo akakumbuka jambo, na kwa aibu yake, akalishukuru: muungwana hupiga hodi tatu, asipojibiwa huenda zake. Pazi, pamoja na ukorofi wote wa mdomo wake, hakuwahi kupiga ya nne.

Kilichobaki kilikuwa kungoja.

"Hodi."

Kiganja cha Kalunde hakikuondoka mdomoni mwa mtoto.

"Haya," ikasema sauti. "Kaeni salama humo ndani." Viatu vizito vikajiburuta kuelekea mlango wa pili.

Hewa ilirudi kabla ya jioni. Mtungini kulikuwa kumebaki kitu. Pengine kingemtosha mtu wa tatu, pengine kisingemtosha. Kalunde, aliyeishi kwa hesabu, hakuipiga hesabu hiyo.

Pazi alikutwa mwisho wa ujia, ameketi, mgongo ukutani. Alikuwa ameipita milango yote akipiga hodi. Majirani walitoka wakitazama vidole vya miguu yao.

Mazishini mtani ndiye huchekesha; humwigiza marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Macho yote yakamgeukia Kalunde. Alisimama kando ya kaburi akiwa amekusudia kusema kweli. Alipofungua mdomo, kikatoka kingine.

"Mzaramo huyu na haraka zake! Angepiga hodi ya nne, angekuta ugali umeiva."

Mtu mmoja alicheka. Akafuata wa pili. Kisha mtaa mzima ukaangua kicheko, kicheko kirefu cha watu waliosamehewa na mtu asiye na haki ya kusamehe. Nyamizi peke yake hakucheka.

Haukupita muda, Bi Shomvi akaja. Kalunde hakusubiri salamu ziishe.

"Ulisema kweli, mama. Nitaibadilisha milango. Mashine ifungue, mtu asiulizwe."

Bi Shomvi akatikisa kichwa. "Watu wamepiga kura. Hawataki milango ifunguke."

"Wanataka nini?"

"Isisikie. King'ora kikilia, sauti ya ujiani isiingie ndani." Alishusha macho. "Hawalali, Mhandisi. Na mimi silali. Kwangu pia alipita."

Haikuwa kazi ngumu. Ilikuwa ni kukata waya mmoja kwa kila mlango, na Kalunde alianza na wake.

Kifuahewa kilipozimika tena, king'ora kililia kisha kikanyamaza, na nyumba ikajaa utulivu. Kalunde aliketi mkekani na mtungi kando yake. Nyamizi alisimama mlangoni, sikio lake likiwa limebandikwa kwenye chuma.

"Mama, kuna mtu nje?"

"Hakuna, mwanangu."

"Umejuaje?"

Kalunde alisikia mkono wake ukiinuka wenyewe, kiganja wazi, ukimwendea mtoto mdomoni.