Chupa ya Wagdi

Nagwan wa ghorofa ya tatu alinisimulia haya tukichambua bamia, kwa sauti ileile anayoulizia bei ya nyanya.

Kazi yake, hapa Mansoura, ni kukuza chembe hai za figo za binadamu kwenye chupa za maabara, kwa ajili ya utafiti. Chupa moja ilitokana na figo ya mumewe, Wagdi, iliyotolewa miezi michache kabla hajafariki. Siku ya arobaini yake, wageni wakisubiriwa nyumbani, Nagwan alipitia maabara kuzibadilishia chembe maji ya lishe.

"Mama Farida, hata leo?" mlinzi Shukri alimtania. "Mwenyewe alipokuwa hai hukumlisha hivi."

"Alikuwa anajipikia. Nipishe."

"Umeme hakuna tangu jana asubuhi, na jenereta imegoma. Sijui utakuta nini huko."

Alimpita akaingia. Chembe hizo ndizo pekee za Wagdi zilizokuwa bado hai.

Chumba hakina dirisha. Mashine zinazonguruma siku zote zilikuwa kimya, hata akasikia soli za viatu vyake zikibandukabanduka sakafuni. Alifungua kabati la joto, akatoa chupa moja moja kwa mwanga wa simu. Zote zilikuwa baridi, na chembe zake zilikuwa zimekufa, zikielea kama pumba. Nagwan hakulia. Alizipanga kwenye ndoo ya taka.

Ya Wagdi ilikuwa nyuma kabisa. Alipoishika ilikuwa na joto, na ndani yake ukungu kama wa pumzi ulitanda kwenye plastiki, ukafifia, ukatanda tena.