Kaya Nne za Ng'ambo ya Mto

Mto Kasota unaugawa Mtaa wa Mkuyuni sehemu mbili. Upande mmoja kuna soko, shule, zahanati na ofisi ya mtaa. Upande wa pili watu wanauita Ng'ambo. Huko ndiko alikoishi Ghati.

Ghati alikuwa na miaka sitini na moja. Alizaliwa Tarime. Alikuja huku na mume wake, Mwita, wakati watu walipokuwa wakimiminika kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Mwita alichimba miaka kumi na minne, akaugua kifua, akafa. Binti yao, Dorah, aliolewa Arusha. Dorah alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine simu ilikaa kimya.

Kila asubuhi Ghati alifagia uwanja. Alimwagilia mchicha na nyanya chungu. Kisha alianika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kazi hizo zilikwisha kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo alikaa mlangoni. Mara nyingine alijikuta anaongea na kuku.

Zamani haikuwa hivyo. Ng'ambo ilikuwa na kaya kumi na tano, na kulikuwa na daraja la mbao. Lakini watu walichimba mchanga kwenye kingo za mto, wakauosha kutafuta dhahabu. Kingo zikalegea. Masika moja mafuriko yalikuja na kulibeba daraja lote. Watu wakaanza kuhama. Waliondoka na mabati yao na milango yao. Zilibaki kaya nne, na kuta tupu za wengine.

Ghati alikuwa na rafiki mmoja tu. Aliitwa Suzana, naye alikaa upande wa sokoni, karibu na mto. Kiangazi walitembeleana kwa kuruka juu ya mawe. Wakati wa mvua haikuwezekana, na Suzana hakuwa na simu. Basi kila jioni Suzana alikaa ukingo wa kwao, na Ghati alikaa ukingo wa kwake. Walizungumza kwa sauti kubwa, maji yakipita katikati.

"Mama Dorah, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama. Mguu wako je?"

"Mhola duhu," Suzana alijibu Kisukuma. Maana yake, ni salama tu.

Lakini mguu haukuwa salama; kidonda chake kilikuwa kikizidi. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa kubwa, Suzana hakutokea ukingoni kwa siku nne. Siku ya tano alikuja binti yake, Esta. Alisimama ukingoni. Khanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni.

"Esta, mama yako yukoje?" Ghati aliuliza.

"Mama ametutoka alfajiri," Esta alisema. Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu ya kelele za maji.

Ghati alirudi nyumbani akawasha moto. Alipika maharage na wali, sufuria nzima, kama desturi ya msibani. Alijitwisha sufuria akashuka mtoni. Maji yalikuwa yamefunika mawe yote. Alitembea kando ya mto kwenda juu, kisha akarudi kwenda chini. Hakupata pa kuvukia.

Siku ya mazishi alisimama pale ukingoni. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, hakuweza kuliona. Alisikia nyimbo za kwaya, kisha sauti ya mchungaji, kisha majembe. Watu walipotawanyika, alirudi nyumbani. Chakula kile alikila peke yake siku mbili. Kilichobaki aliwapa kuku.

Mvua zilipungua mwezi wa tano. Asubuhi moja mwanamke kijana alivuka mto, viatu mkononi na daftari kwapani. Alipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naitwa Rebeka. Mimi ni mtendaji mpya wa mtaa huu. Naandika upya kaya zote. Pale ofisini waliniambia huku hakuna watu."

Ghati alimpa kigoda. "Wamekuambia kweli, kidogo," alisema. "Tuko kaya nne."

Rebeka aliandika jina lake. Kisha aliuliza, "Mnavukaje wakati wa mvua?"

Ghati alimweleza. Alieleza habari za daraja, na watoto wanaokosa shule. Alipofika kwa Suzana aliinuka, akageuza michembe juani. Rebeka hakumharakisha.

"Mmewahi kulisema jambo hili?" Rebeka aliuliza mwishoni.

"Nimesema sana. Nilimwambia mwenyekiti wa mtaa nilipokutana naye sokoni. Nilimwambia diwani siku alipokuja kwenye harusi. Wote walisema wamesikia."

"Mama, kwenye mkutano wa mtaa uliwahi kusema?"

"Mkutano unatangazwa kwa kipaza sauti huko kwenu. Huku hakifiki. Halafu mimi ni Mkurya. Nilikuja na mume wangu kufuata machimbo. Nikisimama watasema mgeni anadai daraja."

Rebeka aliweka kalamu chini. "Mama, kila mkazi mwenye miaka kumi na minane au zaidi ana haki ya kusema kwenye mkutano wa mtaa. Hakuna anayeulizwa kabila. Na nikwambie jambo moja. Neno ulilomwambia mtu njiani, akilisahau limekwisha. Neno lililosemwa kwenye mkutano linaandikwa kwenye muhtasari. Mimi ndiye ninayeandika. Muhtasari ule unakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapo diwani analichukua, analipeleka kwenye Baraza la Madiwani la halmashauri. Huko ndiko mipango ya mji inakopitishwa."

"Safari ndefu," Ghati alisema.

"Ni ndefu. Kwa hiyo lazima lianze vizuri. Njoo na mambo ya hakika. Mko wangapi. Daraja lilivunjika lini. Watoto wangapi wanakosa shule. Mnaomba nini. Mkutano ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi."

Rebeka alipoondoka, Ghati alikaa muda mrefu. Kisha alifunga mlango na kwenda kwa jirani zake. Walikuwa karibu, lakini kila mmoja alikuwa amezoea kukaa na shida yake mwenyewe.

Jirani wa kwanza alikuwa Charles, mchimbaji wa zamani aliyeumia nyonga mgodini. Alimkuta anasuka kamba.

"Siendi kulalamika, mama," Charles alisema. "Nimelalamika mpaka nimechoka."

"Hatuendi kulalamika. Tunakwenda kuandikwa."

Charles aliendelea kusuka kamba. Baadaye aliuliza, "Saa ngapi?"

Kaya nyingine mbili zilikuwa na watoto. Ghati aliuliza, akahesabu. Hakuwa mwepesi wa kuandika, lakini aliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Kaya nne. Watu kumi na saba. Watoto wa shule sita. Msimu uliopita watoto hao walikosa masomo siku thelathini na moja.

Jumamosi ilifika. Mkutano ulifanyika uwanjani, mbele ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti, mzee Maduhu, alifungua kikao. Watu walizungumza juu ya taka za sokoni. Walizungumza juu ya makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yanayonguruma karibu na zahanati. Ghati alikaa nyuma. Alizikumbuka nyuso chache tu.

Rebeka alisoma ajenda iliyofuata. "Kivuko cha Ng'ambo."

Ghati alisimama. Alifungua karatasi yake. "Mwenyekiti, naitwa Ghati Mwita. Nakaa Ng'ambo." Alisoma hesabu zake moja moja. Kisha akasema, "Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kijengwe kivuko cha waenda kwa miguu. Pili, watu waache kuchimba mchanga kwenye kingo. Tukijenga huku wanachimba, kitaanguka tena."

Mwanamume mmoja mbele aligeuka. "Kaya nne tu? Si mhamie huku?"

Baadhi ya watu walicheka. Ghati aliikunja karatasi. 

"Mume wangu amezikwa huko," alisema polepole. "Shamba langu liko huko. Mwaka huu rafiki yangu alikufa upande huu. Nilikaa hatua themanini kutoka kaburini kwake, na sikuweza kumzika. Nilisikia majembe tu. Sitaki mwingine asikie hivyo."

Hakuna aliyecheka tena. Kisha mtu alinyoosha mkono. Alikuwa Esta.

"Mwenyekiti, huyo rafiki ni mama yangu," Esta alisema. "Usiku wa mwisho mama aliuliza mara tatu, Mama Dorah amefika? Tulimwambia mto umejaa. Aliuliza tena."

Ghati hakuwa amelijua hilo. Alikaa chini.

Mzee Maduhu alivua kofia yake. "Wanaokubali jambo hili liende kwenye kata, wanyooshe mikono." Mikono ilinyooshwa. Yule mwanamume wa mbele naye alinyoosha wa kwake. Wakakubaliana pia kwamba uchimbaji wa mchanga upigwe marufuku karibu na kivuko, na wajumbe wawili wachaguliwe kusimamia marufuku hiyo. Charles alikuwa mmoja wao. Rebeka aliandika. Kisha alisoma kwa sauti alichoandika, ili kila mtu asikie kama ndivyo walivyosema.

Baada ya mkutano Esta alimshika Ghati mkono.  Walikwenda kaburini pamoja. Udongo ulikuwa umeanza kuota majani. Ghati aliyang'oa, akakaa pale mpaka jioni.

Mwezi wa sita jambo lilipita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwezi wa nane Rebeka alituma ujumbe: Baraza la Madiwani litakaa Alhamisi. "Mnaruhusiwa kuingia na kusikiliza," alieleza. "Ila hamtazungumza. Diwani ndiye anayewasemea. Lakini akiwaona mmekaa pale, atasema vizuri."

Ghati na Esta walikwenda. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki nyuma kwa ajili ya wananchi. Viti vingi vilikuwa vitupu. Walikaa kwa muda wa saa tatu. Walisikia habari za madawati, za ushuru na za vyoo. Ghati alianza kuona kwamba mji mzima una shida zake, na kila shida imetoka kwa mtu fulani aliyesimama mahali fulani.

Hatimaye diwani wao, Mwigulu, alisimama. Aligeuka nyuma akawaona. Kisha alisoma: kaya nne, watu kumi na saba, watoto sita, siku thelathini na moja. Zilikuwa hesabu za Ghati, kama alivyoziandika kwa mkono wake.

Mhandisi wa halmashauri alijibu. "Kwa mwaka huu mipango imekwisha pitishwa. Tutapima eneo, na tutaliingiza kwenye mpango wa mwaka ujao."

Nje ya ukumbi Esta alikuwa na hasira. "Mwaka ujao. Mvua zinakuja mwezi wa kumi."

"Imeandikwa?" Ghati aliuliza.

"Imeandikwa."

"Basi tutaiuliza."

Mvua zilikuja, na Ng'ambo ikafungwa tena. Huo ulikuwa msimu mgumu. Jioni Ghati alikwenda ukingoni kwa mazoea, akaona ukingo wa pili hauna mtu. Siku nyingine Esta alikuja akamsalimia kwa sauti, lakini Esta alikuwa na watoto na kazi. Siku nyingi Ghati alisikiliza maji tu, kisha akarudi kulala.

Lakini kila mkutano wa mtaa ulipokaribia, alimpigia Rebeka simu. "Ukifika kwenye yatokanayo, uliza kivuko," alisema. Yatokanayo ni sehemu ya kikao ambapo watu hupitia mambo ya kikao kilichopita na kuuliza yamefikia wapi. Mto ukiruhusu, alikwenda kuuliza mwenyewe. Mzee Maduhu alizoea. Akimwona Ghati amesimama, alisema, "Kivuko, mama. Tunakijua." Ghati naye alijibu, "Najua mnakijua. Kimefikia wapi?"

Mafundi walikuja kiangazi kilichofuata, mwezi wa saba. Walijenga nguzo mbili za zege, wakaweka njia ya chuma yenye vyuma vya kushikilia kila upande. Wakazi wa pande zote walibeba mawe ya kuimarisha kingo. Kazi ilikwisha mwezi wa tisa.

Mwezi wa kumi na moja mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mto ulikuwa umejaa, mwekundu kwa udongo. Watoto sita wa Ng'ambo walivuka kwenda shule, viatu miguuni. Ghati aliwatazama mpaka wa mwisho alipofika upande wa pili.

Alikuwa bado amesimama pale alipoona watu wanakuja kutoka sokoni. Mwanamke alibeba godoro kichwani, limefunikwa kwa nailoni. Nyuma yake mumewe alisukuma baiskeli yenye mabati na mlango. Ghati alivuka akawaendea, akashika upande mmoja wa godoro.

"Asante, mama," mwanamke alisema. "Naitwa Apolonia. Tumenunua kiwanja kimoja huko Ng'ambo, chenye kuta za waliohama. Tuliambiwa sasa kunafikika." Alitazama mbele, kwenye kuta tupu na njia iliyoota majani. "Huku kuna watu kweli?"

"Tupo," Ghati alisema. "Shika vizuri upande wako. Hapa panateleza."