Sauti ya Alama Tano

Asubuhi hiyo Zita alikohoa katikati ya sentensi ya tatu, na Emilian, aliyekuwa akisikiliza upande wa pili wa waya huko Haydom, hakukisikia kikohozi.

"Tano," alisema Emilian. "Zote tano, dada Zita. Sijawahi kutoa alama hiyo."

"Ile ya tatu niirudie? Nimeikoholea."

"Umekohoa saa ngapi? Nimesikia neno kwa neno."

Zita alicheka, akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Kisha akaufuta kwa pindo la kanga, kwa kuwa ulikuwa umelowa.

Alikuwa mpokea simu wa shamba la ngano la serikali, lile lililopakana na kijiji cha Gendabi, ambako alizaliwa na ambako aliolewa. Kila siku alikwenda kazini na binti yake mchanga, Fabiola, mgongoni. Mumewe alikuwa upande wa Masakta akiendesha mashine ya kuvunia. Laini ya Haydom ilikuwa ikikwaruza kama mahindi kikaangoni, na mtu akiumia shambani, kuita gari la hospitali kulikuwa ni kupiga mayowe. Ndiyo maana akaletwa Emilian, fundi simu mzaliwa wa Bukoba, apime sauti na kuirekebisha. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi: Zita alisoma sentensi fupi upande huu, Emilian akasikiliza upande ule, na kila sentensi ikapewa alama. Moja ni ile isiyoeleweka kabisa. Tano ni ile inayosikika kana kwamba msemaji ameketi mbele yako.

Walianza na moja na mbili. Emilian akaugundua ugonjwa wa laini. Simu ile ilikuwa na waya mmoja tu. Njia ya kurudi ilikuwa ardhi yenyewe, kupitia chuma kilichozikwa, ambacho mafundi hukiita ethi. Kiangazi cha mavuno kilikuwa kimeukausha udongo.

"Ethi inataka tope," alisema, akaja shambani kukipigilia chuma cha upande huu kwenye chemchemi iliyokuwa katikati ya ngano, mahali ambapo matrekta yote hupinda na hakuna dereva anayeuliza kwa nini.

Wenyeji walijua kwa nini. Katika nchi hiyo mtoto asiyesema shikamoo huhesabiwa kuwa hakulelewa. Lakini pale chemchemini hakuna anayemsalimu mwenzake. Unateka maji kimya, unaondoka kimya. Mwenye Maji, ambaye wageni wangemwita jini, hana sauti, na asiye na kitu hasumbuki mpaka akioneshwe.

Emilian hakulijua hilo, na alikuwa mtu wa adabu. Alipomkuta Mzee Hhando, baba mkwe wa Zita, akiteka maji, alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Hhando alimtazama kwa macho ya kutisha, akajitwika dumu, akaenda zake.

"Lo! Wazee wa huku hawana marahaba?" Emilian alicheka, akaligeukia lile dimbwi jeusi huku nyundo ikiwa mkononi. "Basi niitikie wewe."

Maji hayakutikisika. Na alama zikaanza kupanda.

Zilipopanda, sauti ya Zita ilishuka. Kwanza ilikwaruza, na wanakwaya wenzake wakamtania kwamba amemeza makapi ya ngano. Kisha ikawa mnong'ono. Muuguzi wa shamba alimchungulia kooni, akaona koo safi, akampa chumvi ya kusukutulia. Mwishowe, alipomwimbia Fabiola ule wimbo wa kumbembelezea, midomo ilicheza na hakuna kilichotoka, na mtoto akamkodolea macho kama anayemtazama mgeni.

Mchana uliofuata, jua likiwa juu ya mabati na mashine za kuvunia zikivuma mbali, kengele ya Haydom ililia. Zita aliinua mkono wa simu akitaka walau kugonga kwa ukucha, Emilian ajue kuna shida. Harufu ya tope bichi na chuma kilichooza ikamjia puani.

"Tuanze, dada Zita," alisema Emilian.

Zita alikuwa amefumba mdomo.

"Mama ameweka maziwa kwenye kibuyu," ilisema sauti yake mwenyewe ndani ya simu, changamfu, isiyo na mkwaruzo wowote.

"Tano. Endelea."

"Trekta limekwama karibu na mto."

"Tano. Leo umeamka vizuri, eh?"

"Nimeamka vizuri sana, kaka Emilian," ilisema ile sauti, ikacheka kicheko chake Zita, kile cha kukatia puani, na wakati maji ya baridi yakianza kumtiririka mkononi kutoka kwenye vitundu vya simu, na yeye akishindwa kuuachia mkono ule kana kwamba vidole vyake navyo vilikuwa vimeshachukuliwa, ile sauti ilishuka, ikalainika, ikaanza taratibu kuimba wimbo wa kumbembelezea Fabiola, beti kwa beti, bila kukosea hata jina la utani ambalo halikujulikana na mtu mwingine duniani. Na mgongoni Fabiola, aliyekuwa amelia tangu alfajiri, akanyamaza, akacheka, akaunyoshea ule waya mikono yote miwili.

Zita alijinasua, akakimbia hadi kwa Mzee Hhando. Hakuhitaji kueleza, alifungua mdomo, mzee akauona utupu uliomo.

"Tumpigie fundi," alisema mama mkwe.

"Umpigie kwa simu ipi?" Mzee Hhando alimkata. "Atapokea huyo huyo."

Basi ujumbe ukaenda kwa mdomo wa kondakta wa basi linalopeleka wagonjwa Haydom, na Emilian akaja, mavumbi hadi kwenye kope.

"Mzee, sielewi," alisema kwa sauti ya chini. "Wananiambia dada Zita amekuwa bubu. Mbona jana tumezungumza mpaka nikachoka mimi?"

Zita alitikisa kichwa.

"Ukaniuliza habari za mke wangu. Ukaniambia mtoto anaanza kutambaa."

Zita alitikisa kichwa tena, machozi yakimtoka. Emilian akatafuta kigoda, akaketi.

"Ulimwambia akuitikie," alisema Mzee Hhando. "Akuitikie kwa sauti gani, naye hana yake? Alichukua iliyopita kwenye chuma chako. Utakitoa wewe uliyekitia, na hutasema neno. Wote hatutasema. Ataita, kwa kuwa hataki kurudi kwenye ububu. Sauti ya atakayemwitikia ndiyo atakayobaki nayo."

Walikwenda kabla jua la jioni halijauacha Mlima Hanang. Mzee alichinja kondoo mweusi ukingoni, damu ikazama kwenye tope bila kuacha doa. Emilian alishika chuma, akavuta. Tope lilikikumbatia.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti ya Zita kutoka majini.

Tangu mkwe yule aingie nyumbani kwake, Mzee Hhando hakuwahi kumnyima marahaba. Aliuma mdomo hadi ukatoka damu.

"Kaka Emilian, nipe alama," ilisema. "Sentensi hii ni ngapi?"

Emilian alivuta, mishipa ya shingo ikimsimama, na chuma kikapanda kidogo kidogo, kikivuja maji meusi, na sauti ikaacha maneno ikaingia kwenye wimbo, ule ule, mtamu kuliko Zita alivyowahi kuuimba, ukipita juu ya masuke ya ngano yaliyoinama ingawa upepo haukuwapo, ukizunguka, ukikaribia, ukimwita Fabiola kwa lile jina lake la siri, tena na tena. Na Zita, aliyekuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili, akakumbuka kwa kuchelewa kwamba kuna mdomo mwingine ambao hakuna aliyeuonya, kwa sababu ulikuwa haujatamka neno tangu kuzaliwa.

"Maa," alisema Fabiola mgongoni.

Chuma kilichomoka. Maji yalijifunga.

"Mwanangu!" alipiga kelele Zita, na ilikuwa sauti yake, nzima, imerudi.

Emilian aliizika ethi nyuma ya ofisi, kwenye udongo mkavu, akaomba uhamisho. Laini ilirudia mikwaruzo yake, alama mbili, na watu wa shamba wakarudia mayowe. Zita alirudi kwenye kwaya na kazini. Fabiola alikua, akatembea, akacheza na wenzake. Alipoanguka alilia machozi tu. Sauti haikumtoka hata siku moja.

Mara kwa mara, Zita akiinua simu ya Haydom, hulisikia chini ya mikwaruzo neno moja, safi, kana kwamba msemaji ameketi mbele yake: "Maa." Huwa anauma pindo la kanga mpaka lipite.

Lakini watoto hukua. Mavuno haya, Fabiola akiwa amesimama kando yake, ameshika sketi yake, mdomo umefumba, ile sauti ndogo imejifunza adabu.

"Shikamoo, mama," imesema.

Kisha ikasubiri kuitikiwa.