Kicheko Changu Kilimtoa Mama Darasani

Ilikuwa Jumanne, saa nane na robo mchana, likizo ya Agosti mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, msichana mwenye haya, hata dukani nilikuwa nikinong'ona. Wasomaji wenzangu, ni kinywa hicho hicho kilichomwangusha mama yangu!

Mama alikuwa akirekebisha nguo za mitumba katika soko la Gikomba kwa sindano ya mkono. Aliishia darasa la pili. Mwaka huo akajiunga na darasa la ushonaji la kina mama, kwenye ukumbi wa kanisa hapa kwetu Shauri Moyo. Karakana moja ya sare za shule ilikuwa imeahidi kuwaajiri watakaopita mtihani wa ufundi. Kazi ya kuketi, kwa cherehani! Mama alikuwa haongei lingine.

Mwanzoni mwalimu wao, Mwalimu Nafula, alijaza ubao inchi na nusu na robo, na kina mama wakaanza kupotea mmoja mmoja. Basi akageuza mambo. Kila Jumanne mama mmoja awafundishe wenzake kitu anachokijua kwa mikono yake, halafu ndipo yeye afungue kitabu. Walirudi... wakawa wanagombania zamu!

Jumanne ile ilikuwa zamu ya Mama. Wiki mbili nzima alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, anakatakata karatasi za mifuko ya simiti. Njia yake ilikuwa hii: kila mteja na kamba yake, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu. Hakukosea hata nguo moja.

"Kesho uje uone mamako akiwa ticha," aliniambia, huku akicheka kama msichana.

Nikaenda. Nikaketi nyuma, kando ya Purity, mpwa wa Mwalimu, ambaye tulisoma naye. Kwao ni Donholm, mtaa wa wenye nafasi. Hakuwa amewahi kufika nyumbani kwetu, nami sikutaka afike.

Mama akasimama. Akamzungushia mwanafunzi mwenzake, Mama Halima, kamba.

"Mama Ouma, hapo kwa kiuno rudia pole pole," Mama Halima alimwambia Mama. "Changu kilihama zamani!"

Ukumbi mzima ukacheka, Mama naye akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo... Kisha wakanyamaza, wamuone akifunga fundo.

Purity akaninong'oneza, "Ebu cheki huyo mathe! Anapima nguo ama anafunga mbuzi? Unamjua?"

Nikasema, "Simjui. Hata hajui kusoma namba." Nikacheka.

Mimi wa kunong'ona, siku hiyo sauti ilitoka! Kila mtu alisikia.

Mama alinitazama. Akaikunja kamba, akasema amekumbuka ameacha jiko likiwaka, akatoka. Jiko gani? Tulikuwa hatujawasha jiko tangu asubuhi.

Jioni hakunigombeza. Alinipakulia ugali kama kawaida. Heri angenichapa!

Hakurudi darasani. Mtihani ulipofika wenzake waliufanya, na wengi sasa wako karakana. Mama yuko Gikomba na sindano yake, na macho yameanza kumsumbua.

Ndugu zangu, mzazi wako akiamua kusoma ukubwani, usimwonee haya mbele ya marafiki. Hujui amejikaza kiasi gani kuingia mlango ule. Nawasihi, msifanye kama mimi!

Lakini kuna jambo sijawahi kumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata kicheko kile, Mama akiwa ameenda mferejini, Mwalimu Nafula alipiga hodi. Alikuja kumbembeleza arudi. Alisema hakuna somo lililowahi kuwashika kina mama kama lile la kamba, na wote wanamngoja amalizie. Nikaogopa. Wakiongea, yatasemwa yote ya ukumbini, na Baba, ambaye ni mkali, atasikia...

Nikamwambia Mwalimu kwamba Mama amekataa, tena amesema asifuatwe na mtu wala asikumbushwe habari za darasa.

"Basi nitaheshimu," akasema, akaenda zake.

Mama akaingia na ndoo, maji yakimchuruzika shingoni. Akaniuliza, "Hakuna mtu amekuja kuniulizia?"

Nikamwambia hakuna.