Wi-Fi Isiyo na Kufuli

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Noella na mama yake walikuwa wamekwisha kutandaza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, mchangani pale Mulongwe. Kazi iliyobaki ilikuwa kufukuza kuku. Kuku wa Mulongwe hawana haya hata kidogo, ukipepesa macho tu wanakula mtaji wako. Kwa hiyo Noella alishika fimbo kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto alishika simu ya mama, maana kazi yake ya pili ilikuwa kuisoma.

Mama yake, Émérance, alijua kupima samaki kwa jicho, lakini hakujua kusoma. Wateja wake wa Bukavu, Kiringye na Nyakabere aliwatumia sauti tu kwa WhatsApp, tena sauti ndefu kama misa ya Pasaka. Alianza na amani, akaja kwa watoto, kisha mbuzi, kisha mvua, na ndagala zikatajwa mwisho kabisa. Simu ikileta maandishi, Noella wa darasa la sita ndiye aliyeyasoma na kumweleza mama Kifaransa chake. Mama alimwita "sekreteri wangu," na Noella alilipenda jina hilo kupita kiasi. Alilipenda mno hata neno asilolijua akawa analibahatisha, mradi asionekane hajui.

Asubuhi hiyo mega za intaneti zilikuwa zimekwisha, na wateja walikuwa hawajaambiwa kwamba ndagala ziko tayari. Jolie, rafiki yake wa darasani, akapita na ndoo ya maji, akasimama kupumzika.

"Weye bado unanunua mega?" Jolie alimuuliza. "Kule ku ukuta wa paruasi iko Wi-Fi ya bure. Haina hata mot de passe, unaingia tu."

Noella alimtazama mama. Mama aliitazama anga, akaona hakuna mvua. Jolie akaachiwa fimbo ya kuku bila kuulizwa kama anataka, na mama na mtoto wakaenda mpaka kwenye ukuta wa parokia.

Jina lilionekana mara moja: WIFI PAROISSE. Noella aliligusa. Papo hapo simu ikatoa maandishi mekundu ya Kifaransa, mistari mitatu, na katikati yake neno refu, *confidentialité*, ambalo Noella hakuwahi kukutana nalo.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

Noella alifikiri haraka. Kwao, moto ukizimika jikoni, unachukua kaa la moto kwa jirani, na hakuna jirani anayekudai neno la siri. Wi-Fi isiyo na kufuli ilikuwa ukarimu wa namna hiyo hiyo, tena wa kanisa. Simu ilikuwa inaleta uchoyo tu.

"Ni mambo ya simu, mama. Kitu haiko," alisema, akabonyeza *kuendelea*.

Ukafunguka ukurasa wenye picha ya msalaba. Uliomba namba ya simu, naye akaiandika. Uliomba kode itakayofika kwa ujumbe. Kode ikafika, naye akaiandika. Chini ya kode hiyo kulikuwa na sentensi nyingine, lakini ni nani angesoma sentensi ya pili huku ndagala zimeachwa mikononi mwa Jolie?

Baada ya hapo intaneti ilikuja kidogo tu, ikakatika. Mara WhatsApp ya mama ikajifunga, ikakataa kufunguka.

"Nini tena?" mama aliuliza.

"Rezo ya intaneti iko mubaya leo," Noella alijibu. Uongo wa kwanza ulikuwa peke yake, na sasa ukapata mwenzake.

Walirudi mchangani. Jua halijafika utosini simu ililia. Alikuwa Nizigama, mkulima wa Kiringye, ambaye huongea simuni kana kwamba yuko ng'ambo ya ziwa. Kila neno lake lilimfikia Noella.

"Mama Noella, tangu lini umekuwa muandishi? Umenitumia barua ya Kifaransa, hata salamu haina. Eti nitume pesa ya ndagala sasa hivi, ku namba mupya."

"Minye? Minye sijaandika kitu."

"Njo vile nilisema mu roho. Huyu muntu hajauliza hata mbuzi zangu, hawezi kuwa weye. Lakini Claudette wa Nyakabere naye ameandikiwa, na yeye anatafuta fasi ya kutuma."

Mama alimpigia Claudette, simu ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, ikawa vile vile. Claudette alikuwa mteja wake wa kwanza, aliyemwamini tangu siku alizokuwa akiuza ndagala za kikapu kimoja. Mama akapiga mara ya tatu.

Noella aliikumbuka ile kode. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemshuku. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilichokuwa kinakufa ni jina zuri la mama yake.

"Mama, ni minye," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ile maandishi nyekundu sikuielewa. Nilikudanganya. Na kode iliyokuja, niliiandika mule."

Mama alimfuta machozi. Hakugomba.

"Nani anaweza kuielewa?"

"Tantine Agathe."

Agathe, mdogo wake mama, alikuwa mwandishi katika ofisi ya parokia. Walifika kwake wakihema. Noella alieleza yote, mara hii bila kuruka kitu, na Agathe hakumkatiza. Aliipa simu intaneti kutoka simu yake mwenyewe, akaiandika upya namba ya mama ndani ya WhatsApp, wakangoja. Kode mpya ikafika, Agathe akaiingiza, na mlango ukafunguka.

"Mwizi ametoka nje," alisema. "Sasa tunaweka namba ya siri, asirudi." Akamgeukia dada yake. "Yaya, ongea na Claudette haraka."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Émérance alituma sauti iliyoruka mbuzi, watoto na mvua. "Claudette, usitume kitu. Yule si minye."

Wakangoja. Hatimaye sauti ya Claudette ikaja, na nyuma yake kelele za watu. Alikuwa amesimama kwenye kibanda cha kutuma pesa, mbele yake kumebaki mtu mmoja. Mama alikaa chini, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Noella naye alicheka, huku bado analia.

"Njoo, sekreteri," Agathe alimwita. "Ile nyekundu ilisema hivi: mtandao huu hauna ulinzi, watu wengine wanaweza kuona mambo yako. Na ile kode ilikuwa ufunguo wa WhatsApp ya mama, sentensi yake ya pili ilisema usiipe muntu. Wi-Fi yetu iko na mot de passe, na haiombi muntu kode."

"Lakini ilikuwa na jina ya paruasi, tantine."

"Jina kila muntu anaweza kuandika. Minye nikiita simu yangu Padiri, utakuja kuungama kwangu?"

Noella alitikisa kichwa, akitabasamu.

"Maji ya muto Mulongwe, unafulia nguo?"

"Nafulia."

"Unaikunywa vile vile iko?"

"Hapana."

"Basi, Wi-Fi ya wazi njo hiyo. Unaweza kusomea habari. Lakini kode, namba ya siri na mambo ya wateja, usiyaingize mule. Na onyo likikuja, simama kwanza."

Agathe aliahidi kumweleza padri, ili Jumapili watu wote watahadharishwe.

Walipotoka nje, Noella alitembea nyuma ya mama, akiamini usekreteri wake umekwisha. Mama alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Sikukasirika juu hukujua neno," mama alisema. "Minye mwenyewe sijui hata moja. Nilikasirika juu ulinificha kwamba hujui. Simu ilituambia kweli, na weye njo uliifunga kinywa. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Muntu akisema 'sijui,' watu wanamusaidia. Akijifanya anajua, anaumiza na wenzake."

Kisha akamrudishia simu. Simu ikalia hapo hapo mkononi mwa Noella, ujumbe mpya wa Kifaransa.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

Noella alisoma mpaka mwisho, akarudia tena polepole, pamoja na sentensi ya pili.

"Mama, hapa iko neno moja sijalielewa."

"Basi turudi kwa tantine," mama alisema, akageuka.